Maziwa Hayana Kilima

Jioni hapa Mitunguu kila mtu hufungulia maji kwa wakati mmoja. Ninaketi kwenye kiti changu cha plastiki kando ya migomba, nikisikiliza mabomba ya majirani yakianza kuvuma shambani, la kwanza, la pili, la saba, na langu, lililo mwisho wa laini, likipunguza sauti polepole kama mtu anayesinzia katikati ya maombi. Saa nane mchana, watu wakiwa wamejilaza kivulini, bomba hili hili hurusha maji hadi kwa mbuzi wa jirani. Bomba halijabadilika, wala mto. Ni saa tu.

Ndipo ninapowakumbuka nyinyi.

Walimu wenu walinipigia simu wakaniomba niwaandikie, nyinyi mnaojifunza kompyuta pale chuoni, jambo la manufaa kutoka katika kazi yangu. Nilikubali haraka kisha nikajuta. Mashine nilizozijua zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Moja, nimeambiwa, ni kiota cha kuku huko Runyenjes, na kuku wanaipenda. Nitawafundisha nini kwa kiota cha kuku?

Lakini kazi yangu haikuwa vyuma hasa. Kazi yangu ilikuwa kuamua ukubwa. Mtu ana duka la jumla, ana zahanati, ana kiwanda cha kahawa. Anataka seva, mashine moja itakayobeba kumbukumbu na hesabu za kompyuta zake nyingine zote. Mimi namsikiliza, naandika, halafu namwambia: prosesa iwe na nguvu hii, kumbukumbu iwe kiasi hiki, diski ziwe ngapi na za aina gani, na iwekwe wapi. Nikikosea kwa kupunguza, watu wanapanga foleni. Nikikosea kwa kuzidisha, mashine kubwa inakaa kwenye kona ikipasha chumba joto bure, kama bwana harusi aliyefika siku isiyo yake.

Na niliwahi kukosea hata mahali pa kuiweka. Palikuwa na mfanyabiashara wa ndizi hapa hapa Mitunguu, Bwana Kirimi, mtu mwenye moyo mkunjufu na makabati mengi. Nilimwambia kwamba seva hupenda baridi. Nilisema hivyo tu, nikapanda gari nikaenda zangu. Nyinyi mnaijua Mitunguu. Hapa hata jiwe hutafuta kivuli. Wiki tatu baadaye ananipigia, mashine imekataa kuwaka. Nilipofika alinipeleka, kwa fahari, katika chumba chake cha kuivishia ndizi. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kina ubaridi mtamu na hewa nzito yenye unyevu, na mikungu imepangwa pande zote mbili kama waumini kanisani. Seva ilikuwa katikati. Matone yalikuwa yameikalia mwili mzima kama umande kwenye majani ya nduma.

"Bwana Kirimi," nikamwambia, "umeiweka na ndizi?"

"Madam, si ulisema inapenda baridi? Mimi nimeipa kitanda kizuri kuliko changu."

"Baridi kavu, Bwana Kirimi."

Alitazama chumba, akatazama jua lililokuwa likichoma mlangoni, akanitazama mimi. "Sasa baridi ya hapa Mitunguu itakauka aje?"

Nilikaa siku nzima nikiifuta kwa kitambaa kikavu na kuipepea, na kila feni ilipojaribu kuzunguka ilitoa harufu ya ndizi mbivu. Ilikufa ikinukia vizuri. Tangu hapo, kila ninapomwambia mteja neno, humwomba anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Na nyinyi fanyeni hivyo. Chumba kikavu, chenye upepo, kisicho na vumbi, chenye mlango unaofungwa na ufunguo ulio kwa mtu mmoja anayejulikana. Hayo hayajabadilika tangu nilipoanza.

Aliyenifundisha ni Mzee Njeru, mtu wa Kanja, kule Embu ambako ukungu hushuka asubuhi ukaingia jikoni bila kubisha. Duka lake lilikuwa mjini Embu, orofa ya pili, juu ya bucha. Alianza na kutengeneza redio, zikaja kompyuta, zikaja seva, naye akazipokea zote kwa mkono ule ule. Alikuwa haanzi kazi kabla hajaweka kiganja juu ya mashine, kimya, macho yamefumbwa nusu, kama anayempapasa ng'ombe aliyekataa majani. "Inatetemeka upande wa kushoto," angesema, na kweli ungefungua ukute feni ya kushoto imechoka. Sijawahi kuwa na kiganja kama kile. Mimi nilijifunza kuhesabu.

Wiki yangu ya kwanza hakunionyesha kompyuta hata moja. Alinituma sokoni na lile kopo la kupimia nafaka, gorogoro, nikanunue maharagwe. Nikarudi na gorogoro imejaa sawasawa mdomoni, nimeifunika kwa kiganja isimwagike.

"Umeibiwa," akasema.

"Mzee, imejaa."

"Kujaa ni kwa kopo. Kilima chako kiko wapi? Nyinyi Wameru mnakasirika hata na radi, lakini mama wa maharagwe anakuibia ukimtabasamia. Rudi."

Nikarudi, uso ukiniwaka moto. Yule mama wa maharagwe akacheka, akamimina, akaendelea kumimina hadi maharagwe yakasimama juu ya mdomo wa kopo kama mlima mdogo, ya pembeni yakidondoka, ya juu yakishikana. Mzee Njeru alikiangalia kile kilima akaridhika.

"Hesabu kazi ya mteja," aliniambia, "ujaze gorogoro. Halafu weka kilima. Biashara ni kama maharagwe: daima itakuja zaidi ya ulivyoambiwa, na hilo zaidi lazima lipate mahali pa kusimama."

Ile gorogoro akanipa iwe yangu. Nikaifanya kuwa sheria. Nikishapata hesabu ya mteja, naongeza robo yake juu. Miaka mingi sheria hiyo haikuniangusha. Duka la mbegu lililofurika mvua zilipoanza, kilima kikabeba. Zahanati iliyoongeza wodi, kilima kikabeba. Nilifikia mahali pa kuamini kwamba nimeshika siri ya dunia, na kwamba siri hiyo ina ukubwa wa robo.

Halafu nikaenda Kiirua.

Kiirua iko juu, kwenye barabara ya Meru kwenda Nanyuki, mahali ambapo upepo hupita kwenye mashamba ya ngano ukiwa na sauti ya mtu anayegeuza kurasa. Palikuwa na ushirika wa maziwa. Miaka yote walikuwa wakiandika maziwa ya kila mkulima kwa mkono, vitabu vikubwa vyenye kurasa zilizovimba kwa unyevu. Karani wao mkuu aliitwa Kathure. Alikuwa na kidole cha kati kilichopinda kidogo pale kalamu ilipokaa miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyepigania seva. Wanachama walipinga mkutanoni, wakasema mashine haiwezi kujua maziwa ya nani ni ya nani, naye akasimama mbele yao wote akasema: "Siku mashine hii itamwaga maziwa ya mtu mmoja, mimi nitatoka ofisini nirudi nyumbani." Aliniambia hayo siku ya kwanza, akicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na kilima changu.

Nilikaa ofisini kwao na mwenyekiti, Mzee M'Ikiara, mtu mrefu wa koti zito na maneno machache. Akanipa idadi ya wakulima. Nikamuuliza mkulima anatambuliwaje anapoleta maziwa.

"Kwa namba," akasema. "Kila mtu ana namba."

Nikaandika: namba. Nikachukua kazi ya siku nzima nikaigawa kwa saa za siku, nikapata kazi ya kila saa, nikaongeza robo. Nikachagua prosesa yenye nguvu, nikaona fahari. Nikachagua diski mbili kubwa, za kuzunguka, zenye nafasi ya kuhifadhi maziwa ya ukoo mzima hadi wajukuu wa wajukuu. Karatasi ilikuwa safi. Sahihi yangu ilikuwa nzuri sana siku hiyo.

Jumatatu tulifungua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali umelala barabarani, pikipiki zikaanza kutokea ndani yake moja moja, mikebe ya maziwa imefungwa nyuma, halafu punda, halafu watu kwa miguu, mvuke ukiwatoka vinywani. Madirisha yalikuwa manne, kila moja na mizani na karani. Kwa dakika kumi kila kitu kilikwenda kama ndoto. Kathure aliandika, mashine ikaitika, aliandika, ikaitika. Kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo chake. Kikazunguka kwenye cha pili. Kikazunguka kwenye vyote vinne.

"Inafikiria," akasema Kathure, bila kunitazama.

Ilifikiria hadi ukungu ukaondoka. Jua likatokea juu ya ua wa misonobari, likashuka polepole kwenye foleni, kichwa kwa kichwa, mkebe kwa mkebe. Mzee M'Ikiara alikuja akasimama nyuma yangu, mikono ndani ya koti.

"Hii mashine yako, madam," akasema, "inacheua tangu asubuhi. Sijaona kama inatoa maziwa."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wakigusa mikebe yao kwa viganja.

Aliyekuwa mwisho wa foleni ni bikizee mmoja, Ciothirangi, ambaye kila mtu alimwita Juju, ndivyo Wameru wanavyomwita bibi. Alikuwa ametembea kutoka mbali na kamkebe kamoja. Alipofika kwenye kipimo, pale matone ya maziwa huchanganywa na spiriti kuona kama ni mazima, yakaganda. Yalikuwa mazima alipoondoka nyumbani. Yameharibikia kwetu, kwenye jua, akisubiri jina lake litafutwe. Hakupiga kelele. Alitoka nje ya lango, akaanza kuyamwaga chini ya ua. Mimi nikamfuata, nikasema upuuzi: kwamba mashine ni kubwa ya kutosha, kwamba nimeiwekea nafasi ya ziada juu, kama kilima cha gorogoro.

Akanitazama kwa macho yaliyofifia kama kioo kilichopumuliwa.

"Mwana wangu," akasema, "umewahi kuona kilima cha maziwa?"

Maziwa yalikuwa yakipita katikati ya majani, meupe, bila haraka, yakitafuta mahali pa chini.

Kathure alikuwa amesimama langoni. Alikuwa ameona. Mzee M'Ikiara naye alikuwa ameona, na foleni nzima. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake ya mkutanoni, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Kathure alisema neno lake," mwenyekiti akaniambia baadaye, taratibu. "Sisi hapa mtu akisema neno hatulisahau. Lakini Juju amesema tumpe nafasi, kwa sababu kijana wa Kathure humchotea maji. Alhamisi asubuhi. Kesho na kesho kutwa tutaandika kwa mkono. Alhamisi ikimwagika tena, Kathure ataenda nyumbani, na mashine hiyo ipelekwe Embu ikafuge kuku."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Mtu akikuambia mashine ni nzito, usikimbilie kununua kubwa zaidi. Uliza kwanza: foleni iko wapi? Kabla ya saa sita ile Jumatatu nilifungua vipimo vya mashine yenyewe nikaona jambo la kuaibisha. Prosesa yangu ya fahari ilikuwa imelala. Karibu haikuwa na kazi. Waliokuwa wamepanga foleni walikuwa kwenye diski. Nilikuwa nimejenga ghala kubwa mno lenye mlango mmoja mwembamba, halafu nikaajiri mpagazi mwenye misuli akae nje akisubiri mlango.

Nikampigia Mzee Njeru.

"Uliipima ukiwa umeketi au umesimama?" akaniuliza.

"Nimeketi, Mzee. Ofisini."

"Kesho simama langoni. Chukua gorogoro yako na maharagwe."

Jumanne alfajiri nilisimama kwenye lango la Kiirua na kopo la maharagwe mkononi. Kila mkebe ulipoingia nilichukua haragwe moja nikalitia mfukoni mwa koti; kila robo saa nilibadilisha mfuko. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Watu walinisalimu kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu aliyefiwa. Mmoja akauliza kama ninapanda. Nikasema ndiyo.

Niliporudi nikamwaga mifuko juu ya meza ya Kathure, rundo kwa rundo. Rundo la kwanza lilikuwa dogo. La pili na la tatu na la nne yalikuwa milima. Ya baadaye yalikuwa punje chache, kisha hakuna kitu, na Kathure akasema hakitakuja kingine hadi kesho. Siku nzima ya maziwa iliingia ndani ya kitu kama dakika hamsini.

Niliketi chini. Mimi nimelelewa na ng'ombe. Nimekamua tangu nikiwa na miaka saba, paji la uso limebanwa kwenye ubavu wenye joto, nikisikia katika boma la jirani, na la jirani yake, milio ile ile ya maziwa yakigonga ndoo, kilima kizima kikikamua kwa pumzi moja kabla ya jua. Nilijua. Mwili wangu ulijua. Halafu nikashika kalamu, nikagawa asubuhi ile moja kwa saa zote za siku, kana kwamba ng'ombe wa Kiirua hukamuliwa kwa zamu.

"Kuna lingine," akasema Kathure, akipanga maharagwe kwa kidole chake kilichopinda. "Uliuliza wakulima wanatambuliwa kwa kitu gani?"

"Kwa namba. Mwenyekiti alisema."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mwenyekiti ana namba kwa sababu ni mwenyekiti. Uliza Juju namba yake."

Ofisini waliniambia namba. Langoni walisema majina. Na nyinyi mnajua majina yetu: mtoto hupewa jina la babu, na mjukuu hulirudia, hadi kila kijiji kina akina M'Ikiara sita na akina Nkatha ishirini. Karani anaandika jina, mashine inapita daftari lote tangu mwanzo hadi mwisho, kutoka kwenye ile diski ya polepole, inarudi na majina ishirini, karani anauliza, "Nkatha wa nani?" Mara nne kwa wakati mmoja, kwa dakika hamsini bila kupumzika.

Mchana ule ule nikayarudisha maharagwe mfukoni, nikashuka Embu. Mzee Njeru alikuwa dirishani akinywa chai, moshi wa nyama ya bucha ukipanda na kuingia.

"Mzee," nikasema, "kilima chako kimenidanganya."

"Kimekudanganya vipi?"

Nikamweleza maneno ya Juju. Chini, mtu alikuwa akinoa kisu, polepole, kana kwamba ana siku nzima.

"Mimi nilikufundisha maharagwe," akasema mwishoni. "Maharagwe hungojana. Yakizidi yanasimama juu, yanakuvumilia. Maziwa hayangoji. Kwa maziwa hutafuti kilima, unatafuta chombo kikubwa kuliko ile saa mbaya zaidi. Huyo bibi angekuwa fundi mzuri."

Nilichohitaji kilikuwa diski nne za haraka, zile zisizozunguka, zipangwe mbili mbili ili moja ikifa mwenzake ashike kazi. Na kumbukumbu ya kutosha daftari lote la wakulima likae humo, lisitafutwe kwenye diski kila mara. Kuagiza Nairobi kungechukua wiki. Mzee Njeru aliweka kikombe chini, akaenda kwenye kona ambako seva yetu wenyewe, ya duka letu, ilikuwa ikinong'ona. Akaweka kiganja juu yake, kama kawaida yake.

"Hii ina diski hizo, na kumbukumbu pia," akasema.

"Na sisi tutaandika wapi?"

Akavuta droo, akatoa daftari la kurasa ndefu lenye jalada jeusi na kalamu ya buluu. "Sisi tuna mkono."

Kwa hiyo ili Kiirua isirudi kwenye kitabu, Embu ilirudi. Tulihamisha kila kitu chetu, tukanakili mara mbili, kila nakala mahali pake, kabla ya kugusa bisibisi. Hilo msiliruke hata mkiwa na haraka kama moto. Hasa mkiwa na haraka.

Jumatano nilishinda Kiirua sakafuni. Nilitoa zile diski mbili kubwa nikatia nne ndogo. Nikaongeza kumbukumbu. Nikatengeneza faharasa ya majina, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu, ili mashine iende moja kwa moja kwenye ukurasa badala ya kusoma kitabu kizima kila inapoulizwa. Kathure aliketi karibu nami akinisomea majina, naye alijua zaidi ya majina. Alijua huyu ana ng'ombe mwekundu, huyu alizika mume mwezi wa tatu, huyu huleta maziwa akiimba. Nikawaza jinsi lugha yetu ilivyo na neno moja tu, kumbukumbu, kwa kile kipande kidogo nilichokuwa nikikisukuma kwenye nafasi yake hadi kikalia ta!, na kwa yale yote aliyokuwa nayo Kathure kichwani. Alasiri tukaijaribu. Tuliwaita makarani wote wanne, nikawaambia waandike bila huruma, kwa kasi ya ile dakika mbaya zaidi, kisha mara mbili yake. Nilitazama foleni ya diski. Ilikuwa tupu. Lakini jaribio ni jaribio. Ng'ombe hawakuwepo.

Najua siku hizi nyinyi hamnunui chuma. Mnakodi mashine iliyo mbali, mnasema iko kwenye wingu. Sisi wingu tunalolijua hushuka kutoka mlimani likaloweka kuni. Sina ubishi nalo. Lakini hata huko kuna orodha, ndogo, ya kati, kubwa, na kidole chako ndicho kitakachobonyeza. Na kabla hujabonyeza, nani amesimama langoni? Amehesabu kwa kitu gani?

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilisimama nyuma ya Kathure. Alikuwa amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, cha kanisani, na nikaelewa kwamba alikuwa amevaa kwa lolote litakalokuja. Mkoba wake ulikuwa juu ya meza, umefungwa. Vitabu vya zamani vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, kalamu juu yake. Mzee M'Ikiara alisimama mlangoni.

Pikipiki ya kwanza ikatoka kwenye ukungu.

Kathure aliandika, mashine ikaitika. Rundo la kwanza likapita. Likaja la pili, lile la milima, na nikasikia kwa nje ile sauti ya mikebe ikigongana, punda wakikohoa, watu wakiitana majina ya babu zao. Nilikuwa na mkono mfukoni, nikihamisha maharagwe kati ya vidole. Kiduara hakikutokea. Kathure alianza kuandika haraka zaidi, kisha haraka zaidi, mgongo ukinyooka, kama mtu anayeshuka mlima na kugundua kwamba miguu yake inajua njia. Rundo la tatu. La nne. Karani wa dirisha la mwisho alipiga miayo, na sijawahi kusikia miayo mitamu kama ile.

Juju Ciothirangi alikuja mwisho, na kamkebe kake. Jua lilikuwa bado halijavuka ua wa misonobari.

"Cioth—" akaanza.

"Tayari, Juju," akasema Kathure. "Weka kwenye mizani."

"Umeniandika kabla sijajitaja?"

"Nilianza tu, likajileta."

Maziwa yakapimwa. Hayakuganda. Bibi aliyatazama yakimiminwa kwenye tangi, yote isipokuwa kidogo aliyoyabakiza chini ya mkebe. Mzee M'Ikiara aliondoka mlangoni. Alipopita kwenye meza alichukua mkoba wa Kathure akautundika kwenye msumari ukutani, mahali pake pa kila siku.

Juju akanijia. "Leta kikombe, wewe mwenye vilima."

Nilikuwa na kifuniko cha chupa ya chai tu. Akamimina, kikajaa, akaendelea kumimina, maziwa yenye joto yakanishuka kwenye vidole, yakaingia kwenye mkono wa koti.

"Inatosha, Juju! Inatosha!"

"Haijatosha. Kikombe ndicho kidogo. Leta kingine."

Nikatafuta huku na huku. Kisha nikachukua gorogoro, nikayamimina mfukoni maharagwe yaliyobaki ndani yake, Kathure akaisuuza kwa maji ya moto, nikaishika kwa mikono miwili. Juju akamimina yote yaliyobaki. Yalifika katikati tu. Aliinama akachungulia ndani, kwenye ile nafasi tupu iliyobaki juu, ambako mvuke ulikuwa ukipanda taratibu bila kugusa mdomo wa kopo.

"Sasa," akasema.

Tulikunywa kwa zamu, mimi na Kathure, tukipokezana kopo, na kila tulipoliinamisha hapakumwagika hata tone.